Dhahabu Ina Uso, Fedha Haina Jina

Nina cheti nyumbani. Kiko ndani ya bahasha ya kaki, chini ya godoro, pamoja na risiti za stima. Nilikipata baada ya miezi minne ya kuzunguka mtaani na karatasi za maswali: kuna watoto wangapi hapa, maji mnatoa wapi, choo ni cha watu wangapi. Jua letu, mvua yetu, mbwa wa wenyewe, fare ya kukopa. Siku ya kuzindua ripoti tukaitwa hoteli moja hapa tao. Daktari aliyeongoza mradi akapewa bamba la shaba lenye sura yake, amechongwa akitazama upande, miwani na yote. Tulimpigia makofi, na mimi sikupiga kwa unafiki, kwa sababu alikuwa mtu mpole.

Halafu tukaitwa sisi, kwa kundi, "vijana wetu wa mashinani". Kila mtu akapokea cheti. Changu kilisema kinamtambua, kisha mstari wa nukta, kisha kwa mchango wake. Nikarudi kwa dada wa mapokezi nikamwonyesha zile nukta. Akacheka, akanipa biro. "Jaza tu mwenyewe, bro."

Sijajaza. Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za medali moja ya London ya mwaka 1890 sikuhitaji mtu wa kunieleza nilichokuwa nikisoma.

Medali yenyewe ni ya Henry Morton Stanley. Mwezi Mei 1890, ndani ya Royal Albert Hall iliyojaa watu, Prince of Wales akiwepo, Royal Geographical Society ilimtunuku Stanley medali maalumu ya dhahabu. Haikuwa ile ambayo chama hicho cha wanajiografia hutoa kila mwaka. Hii iliundwa kwa ajili yake tu, kukumbuka safari yake ya kumwokoa Emin Pasha. Upande wa mbele uko uso wake. Maofisa wazungu waliokuwa naye walipewa nakala za shaba. Fikiria hilo kwanza: hata wao, waliotapika homa pamoja naye msituni, zawadi yao ilikuwa sura ya bosi.

Aliyeiunda ni Elinor Hallé, mchongaji wa enzi za Malkia Victoria, binti wa Charles Hallé, yule mwanamuziki ambaye okestra ya Manchester bado inabeba jina lake. Sina kesi na mkono wa Elinor. Alisoma shule ya sanaa ya Slade chini ya Mfaransa Alphonse Legros, ambaye alikuwa amefufua ufundi wa medali za kuyeyusha na kumimina, kama zile za Waitalia wa karne ya 15, kina Pisanello. Kutoka kwa mafunzo yale kulitoka kundi zima la wanawake waliojulikana kwa medali. Na si ajabu. Sanamu kubwa ya barabarani ilitaka karakana kubwa, pesa, na kamati ya wazee wenye ndevu wa kukupa kazi. Medali unaianzia mezani, kwa nta na vijiti vidogo. Mwanamke aliyefungiwa mlango wa mbele akaingia kwa dirisha, na mimi kwa hilo namvulia kofia.

Kesi yangu ni na kazi yenyewe inayofanywa na medali ya uso. Wale watawala wa Italia waliipenda kwa sababu iliwafanya wafanane na Kaisari kwenye sarafu: kichwa kimoja, kimekatwa shingoni, kinatazama kando kana kwamba hakuna mtu mwingine chumbani. Inashikika, inanakiliwa, haiozi. Karatasi italiwa na mchwa lakini chuma kitabaki kikisema kwamba jambo hili lilitendeka, na huyu hapa ndiye aliyelitenda. Huo ndio uongo wake, na ni uongo unaosemwa bila neno hata moja.

Kwa sababu hebu tuulize ni nani aliyetenda. Tarehe 25 Februari 1887 meli inayoitwa Madura iling'oa nanga Zanzibar. Stanley alikuwa ndani, Tippu Tip alikuwa ndani na watu wake, na walikuwako wapagazi wa Zanzibar zaidi ya 600, pamoja na Wasudani na Wasomali. Walizunguka Afrika nzima kwa bahari, wakapitia kusini kabisa, hadi mdomo wa mto Kongo, ili waingie bara kutoka upande wa pili. Kutoka hapo ni mto, halafu ni miguu. Walibeba risasi, vitambaa na shanga. Walibeba boti la chuma lililokatwa vipande, kipande baada ya kipande, kupitia msitu wa Ituri, ambao ulichukua miezi kuuvuka mara ya kwanza. Walibeba pia bunduki ya Maxim. Mtu wa kubebewa hivyo vyote alikuwa Emin, daktari aliyezaliwa Ujerumani kwa jina la Eduard Schnitzer, gavana wa Misri katika jimbo la Ikweta, aliyebaki peke yake kusini baada ya jeshi la Mahdi kuiteka Khartoum mwaka 1885. Walipokutana naye hatimaye kando ya ziwa Albert mwaka 1888, Emin alifika kwa stima yake, akiwa na chakula na nguo za kuwapa. Waokoaji walikuwa matambara. Aliyekuwa akiokolewa ndiye aliyewavisha.

Na nyuma, kule Yambuya, lilikuwa limeachwa kundi la pili lenye mizigo, likingoja wapagazi walioahidiwa na Tippu Tip. Walingoja wakila muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, wakafa kwa njaa, kwa sumu ya muhogo huo na kwa maradhi. Major Barttelot aliyewasimamia alikuwa mwepesi wa kiboko kiasi kwamba hata magazeti ya London baadaye yaligombana juu yake. Mwenyewe alipigwa risasi akafa Julai 1888. Upande wa Stanley nako mambo yalikuwa yale yale: waliotoroka wakakamatwa, kuna walionyongwa. Wengine kati ya watu hawa walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, kwa hiyo hata mshahara haukuwa wao wote. Msafara ulipoingia Bagamoyo Desemba 1889, Wazanzibari waliobaki hawakufika nusu ya walioondoka.

Nusu, na bado sijahesabu wenyeji waliochomewa vijiji njiani kwa sababu ya chakula. Hao hawakupewa chochote, basi tuwaache hapo kwa leo, ingawa kuwaacha kwenyewe kunaniuma.

Sasa tuje kwa zawadi ya wapagazi. Royal Geographical Society haikuwasahau, na watetezi wake hulisema hili haraka haraka. Wazanzibari walionusurika walitolewa nyota ya fedha yenye ncha tano. Katikati kuna herufi za chama zilizosukwa pamoja. Kuzunguka hapo kuna maneno ya Kiingereza yanayotaja msafara wa kumwokoa Emin na miaka yake, 1887 hadi 1889. Basi. Hakuna uso. Hakuna jina. Kiingereza chenyewe kiliandikwa kwa watu ambao, kama walijua kusoma, walisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Nyota hizi huibuka minadani Uingereza mpaka leo. Na wauzaji huongeza maneno ambayo ukiyasoma mara ya kwanza unadhani ni kasoro, halafu unaambiwa ni uthibitisho wa uhalali: haina jina, kama ilivyotolewa. Yaani ukipata moja yenye jina, uwe na shaka nayo. Soma tena hiyo sentensi polepole, mtu wangu.

Najua ninachoambiwa hapa. Nimekisikia kwa marafiki, nimekisikia kwa mwalimu mmoja ninayemheshimu sana. Ati usihukumu watu wa 1890 kwa macho ya leo. Ati zama zile nani angefikiria kuandika jina la mpagazi kwenye fedha? Ati afadhali nyota kuliko bure.

Ningekubali, kama si mwaka 1874.

Mwaka huo mwili wa David Livingstone ulizikwa Westminster Abbey. Ulifika pale kwa sababu watu wake waliukausha, wakaufunga, wakaubeba kutoka kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, hadi pwani ya Bagamoyo, safari ya miezi. Jacob Wainwright, mmoja wao, alikuwa kati ya walioshika jeneza. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye mwaka ule ule. Na Royal Geographical Society, chama kile kile, kikatengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya wafuasi hao. Ukingoni mwa kila medali kilichonga jina la mwenyewe.

Chama kile kile. Miaka 16 kabla. Watu wa pwani ile ile, kazi ile ile ya kubeba mizigo ya Mzungu kichwani. Kwa hiyo usiniambie hawakujua. Walijua, walishafanya, halafu wakaacha. Zama hazina hatia hapa. Kuna mtu alikaa kwenye kiti, akaangalia bei au muda au uvivu wake, akaamua.

Wacha nisiwasifu sana hao wa 1874 pia. Maneno waliyoweka kwenye medali zile yanawasifu wafuasi kwa uaminifu wao hadi mwisho, sifa ambayo mtu anaweza kumpa mbwa wake mzee bila kubadilisha neno. Lakini uaminifu huo una jina ukingoni, na jina ni kitu unachoweza kukifuata. Mmoja wa msafara ule, Matthew Wellington, ambaye kwao aliitwa Chengwimbe, aliishi Mombasa hadi akafia huko miaka ya 1930. Unaweza kumtafuta. Unaweza kusimama Mombasa ukauliza kaburi la fulani. Mwenye nyota utamuulizia kwa nini? Kwa ncha tano?

Na usiniambie pia kwamba majina ya watu wa Stanley hayakujulikana. Huwezi kumlipa mpagazi bila kumwandika. Mpagazi wa Zanzibar alipatana, akapewa malipo ya mbele, akatiwa kwenye orodha, na akikimbia na malipo hayo anatafutwa kwa jina, usiwe na wasiwasi. Stanley mwenyewe alikuwa mtu wa orodha. Katika kitabu chake cha 1878 kuhusu safari ya kuvuka bara, nyuma kabisa, aliorodhesha waliokufa na waliorudi, mtu kwa mtu. Katika safari ya Emin tunamkuta Uledi, yule nahodha wa boti aliyewaokoa wenzake wengi wasizame mto Kongo zaidi ya miaka kumi kabla, na sasa amerudi tena msituni. Tunamkuta Rashid bin Omar, mkuu wa Wazanzibari. Tunamkuta mwindaji mmoja aliyebandikwa jina la Saa Tatu, ambaye kwa hakika kila kambi yetu ya mjengo hapa Nairobi ina wake. Wangeweza kuchongwa. Jina la kukatia mshahara na la kumsaka mtoro lilikuwepo. La kuweka kwenye fedha ndilo likakosa nafasi.

Wao wenyewe walijiita waungwana. Neno hilo limejaa vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa wakati ule, wameliandika vibaya lakini ndilo. Muungwana wa pwani ana jina, ana jina la baba, na ukimwita "wewe" mbele za watu umemtukana. Nyota ile inamwita wewe.

Sasa kama unaishi Nairobi na unadhani habari hii ni ya Zanzibar na London, panda matatu ushuke Kariokor. Jina hilo lilitoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya kwanza vya dunia. Karibu watu milioni moja walibeba mizigo katika vita vya Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Kisha tembea hadi Kenyatta Avenue, kwenye zile sanamu tatu za shaba ambazo sisi huzitumia kupangia miadi. Zilichongwa na James Alexander Stevenson na kuzinduliwa mwaka 1928. Chini yake kuna maandishi, yanayohusishwa na Rudyard Kipling, ambayo maana yake ni kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watakumbuka jina lako.

Zunguka hiyo sanamu yote. Zunguka mara mbili, askari wa kaunti wakuone mwendawazimu. Hutapata jina la mpagazi hata mmoja.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi. Mimi naona ile nyota ya fedha ndiyo ilikuwa mazoezi. Ukishazoea kumshukuru mtu bila kumtaja, kumzika bila kumtaja hakukupi shida.

Na hapa lazima nigeuze kidole, kwa sababu ni rahisi sana kuwapiga mawe Waingereza waliokufa huku wangu wakipita. Sisi tulikuwa na marais watatu kwenye pesa zetu. Tukachoka, tukaandika kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 231, kwamba noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote. Desemba 2018 zikaja sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu. Noti za 2019 zikaja na jengo la KICC, na mbele yake, bana, sanamu ya Jomo Kenyatta ameketi. Watu wakaenda kortini kubishana kama hiyo ni picha ya jengo au ya mtu. Uso ni kama mende. Ukiufukuza jikoni, unatokea bafuni. Angalia ambulansi za kaunti. Angalia basi la shule, tangi la maji, cheki ya basari yenye ukubwa wa mlango. Kila mahali ni medali ya Stanley, kichwa kimoja kinachotabasamu juu ya kazi ya watu mia, na pesa ni zetu. Fundi aliyelichomelea lile tangi, nani anamjua?

Kuna wanaotaka tujibu uso kwa uso. Tumchonge mpagazi, tumweke juu ya jiwe, tupige picha. Mimi sitaki. Tutamchonga mpagazi mmoja mwenye misuli, asiye mtu yeyote, na tutakuwa tumetengeneza nyota nyingine yenye ncha tano, ila kubwa zaidi. Ninachotaka ni kidogo na kinachosha zaidi. Jumba lolote la makumbusho lenye medali ya Hallé liiweke kwenye kabati moja na nyota ya mpagazi, ubavu kwa ubavu, si moja ukumbi wa sanaa na nyingine stoo. Kando yao iwekwe orodha, herufi ndogo, majina yote yanayoweza kutolewa kwenye vitabu na daftari za wakati ule, Uledi na Rashid na wengine, waliokufa na waliorudi. Anayetaka kuona uso wa Stanley apite kwanza kwenye orodha. Na kitabu cha historia cha darasa la mpwa wangu, kinachosema Stanley "alisafiri", kiseme nani alibeba boti.

Kuhusu cheti changu, wiki iliyopita niliwaandikia watu wa mradi. Sikuomba cheti kipya. Niliomba majina yetu, sote 34, yawekwe ukurasa wa mwisho wa ripoti, ile iliyoko mtandaoni, kazi ya dakika tano isiyogharimu hata shilingi. Nikaambatisha orodha yenyewe. Niliipata kwa urahisi, kwa sababu ndiyo waliyotumia kututumia pesa kwa simu. Wamejibu kwa adabu. Wanasema watashauriana kwanza na daktari.